Chumba cha Kupimia Pumzi

Mtaa mzima ulimwita Bonge, naye aliitikia bila kununa, maana jina ukilinunia ndipo linapokuganda. Alikuwa fundi makochi. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa safu ya maseremala, pale ambapo vumbi la mbao huishia na harufu ya gundi na sponji mpya huanza. Mtu akimletea kochi lililobonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, Bonge alilipindua, akalivua kitambaa, akapapasa springi moja moja kwa vidole vinene ambavyo asiyemjua angeapa haviwezi kushika sindano. Viliishika, na mshono wake ulikuwa hauonekani ulipoanzia.

Unene haukumjia ukubwani. Alizaliwa mkubwa, akakua mkubwa, akaoa mkubwa. Kwenye shughuli za ukoo, Mjomba wake, mtu mwembamba mwenye sauti ya kengele, alikuwa akimwona tu anaingia mlangoni anatangaza, "Jamani pisheni njia, gari la mizigo hilo." Watu wanacheka. Bonge naye anacheka, tena kwa nguvu kuliko wote. Alijifunza mapema kuwahi kucheka, ili kicheko kionekane kimeanzia kwake.

Mwaka juzi alipiga moyo konde. Alipunguza chakula hadi sahani yake ikawa ndogo kuliko ya bintiye. Alikwenda kibandani kwa miguu, akarudi kwa miguu. Tumbo likinguruma anaongeza sauti ya redio. Mwili ukayeyuka kweli. Mkewe akabana suruali zake mara ya kwanza, akabana mara ya pili, na Mjomba akakosa la kusema. Kisha, bila mtu kujua imeanzia wapi, kilo zikaanza kurudi kama kuku wanaorudi bandani, mmoja mmoja, bila kuitwa. Bonge hakuongeza chakula. Alipunguza tena. Zikarudi vilevile. Watu wakasema amerudia ya kale, tumbo lake halijui kuaga, na yeye mwenyewe akaamini. Alifikia kumwambia mkewe aweke kufuli kwenye kabati la jikoni na afiche ufunguo, kwa kuwa labda alikuwa akiamka usingizini anakula bila kujijua. Mke akaweka kufuli. Kilo zikaendelea kurudi, na kabati limefungwa.

Hayo yote aliyameza. Lililomkaa kooni ni la bintiye. Alikuwa na mtoto mmoja, waliyemwita Kinanda kwa sababu tangu anatambaa alikuwa akiguna nyimbo puani. Sasa alikuwa darasa la nne, naye alianza kujaa kama baba yake. Siku moja alirudi shule akavua viatu, akakaa karibu na baba yake bila kuguna wimbo wowote, akauliza, "Baba, eti sisi ni wavivu?"

Bonge alimwambia hapana. Lakini aliisikia sauti yake mwenyewe, na haikuwa sauti ya mtu mwenye hakika.

Haukupita muda akaja mgeni kibandani. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa viatu visivyo na kisigino na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alisema ni daktari, lakini si wa kutibu. Anafanya utafiti katika taasisi iliyo nyuma ya hospitali kubwa.

"Kuna kiti kimetutia aibu, fundi," alisema. "Kimeletwa pamoja na mitambo kutoka nje. Kina mikono pembeni, chembamba. Mama mmoja alikuja kutusaidia kwenye utafiti, akajaribu kukaa, hakuenea. Akainuka, akachukua mkoba wake, akaondoka."

"Hakuaga?"

"Hakuaga."

"Asingeweza," Bonge alisema, na Daktari akamtazama kidogo kabla ya kuendelea.

Alikwenda kesho yake kupima. Alitarajia ofisi, au wodi. Alichoonyeshwa ni chumba ndani ya chumba, kama sanduku kubwa la chuma lililopakwa rangi ya maziwa. Mlango wake ulikuwa mnene na umezungushiwa mpira kama wa jokofu. Ndani mlikuwa na kitanda, meza, sinki, choo nyuma ya pazia, baiskeli iliyosimama isiyokwenda popote, na kile kiti cha aibu. Ukutani palikuwa na kidirisha chenye milango miwili, mmoja wa ndani na mmoja wa nje, cha kupitishia chakula bila kuruhusu hewa ivuje. Mabomba yalitoka darini yakaingia kwenye mashine zilizokuwa zikinguruma taratibu kwenye chumba cha jirani, ambako fundi mitambo, kijana mpole mwenye ndevu, alikuwa ameinamia skrini.

"Hapa mnamfungia nani?" Bonge aliuliza.

"Mtu yeyote anayekubali," fundi mitambo akamjibu. "Anakaa siku nzima, mchana na usiku. Anakula, analala, anaendesha baiskeli kidogo. Sisi tunapima pumzi yake."

"Pumzi inapimwa?"

Fundi mitambo alisimama, akaweka kiganja kwenye bomba moja. "Hewa inayoingia humu tunaijua. Hewa inayotoka humu tunaipima. Tofauti yake ni wewe." Alipoona Bonge hajafumba mdomo, akaongeza, "Chukulia jiko la mkaa. Likiwaka linakula hewa na kutoa hewa chafu. Ukijua limekula hewa kiasi gani, unajua moto wake una ukubwa gani, hata kama hujaliona. Na wewe una moto. Chakula ni mkaa wako."

Bonge aliangalia kifua chake kinavyopanda na kushuka chini ya shati. Alikuwa amepumua maisha yake yote na hakuwahi kufikiri kwamba pumzi ina habari ndani yake.

Daktari alimweleza zaidi wakati Bonge anapima upana wa kiti kwa futi yake. Vyumba kama hicho viko katika nchi nyingi, za joto na za baridi, tajiri na maskini, na vyote vinafanya kipimo kilekile kwa namna ileile. "Kila nchi watu wananenepa," alisema. "Miaka mingi tumewaambia kitu kimoja: kuleni kidogo, tembeeni, acheni uvivu. Tumewaambia kwa lugha zote. Na wamezidi kunenepa kwa lugha zote. Sasa nchi zimekaa pamoja zikakubaliana tuanze kuuliza upya. Wenzetu wengine wanaangalia bei za vyakula, matangazo, barabara zisizo na mahali pa kutembea. Sisi zamu yetu ni mwili wenyewe."

Bonge alitengeneza kiti kipya kwa moyo wote. Alikipanua, akaacha pembeni bila mikono, akaweka sponji ngumu chini na laini juu, akakivika ngozi bandia inayofutika. Alipokipeleka, alikaa mwenyewe kukijaribu, ndani ya sanduku lile, mlango ukiwa wazi. Kiti hakikulalamika. Palikuwa kimya kiasi kwamba alisikia damu masikioni.

"Mnatafuta watu gani hasa?" aliuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua.

"Wembamba na wanene. Lakini zaidi wale waliowahi kupungua kwa jitihada zao wenyewe, kisha mwili ukarudi."

Alihisi kama amefunuliwa shuka. Akainuka, akakusanya vifaa vyake, na safari hii ni yeye aliyekaribia kuondoka bila kuaga.

Nyumbani alizunguka maneno hadi mkewe akaweka chini mwiko. "Mficha uchi hazai, Baba Kinanda. Sema."

Akasema. Akamaliza na lile lililokuwa likimtafuna. "Na wakigundua ni tamaa tu? Wakiiona kabisa, kwenye mashine?"

"Basi tutajua," mke alisema. "Lakini mimi ndiye ninayekupakulia, na ufunguo wa kabati uko kwangu. Hiyo tamaa unaificha wapi nisiione?"

Siku ilipofika aliingia amevaa suruali ya mazoezi iliyombana kidogo. Kabla mlango haujafungwa, Daktari alimsogezea skrini kwenye dirisha la kioo lililokuwa upande mmoja wa ukuta. Palikuwa na vijumba vingine vimepangwa mle kama mabweta, kila kimoja katika nchi yake, na mle ndani watu waliokuwa wanaingia siku hiyohiyo. Mmoja alikuwa kijana mrefu mweusi tii. Mwingine mzee mwenye kilemba. Katika bweta la pembeni alikuwapo mwanamke mnene mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na kwenye dirisha la nyuma yake theluji ilikuwa inaanguka. Wengine kwao ilikuwa asubuhi, wengine jua lilishazama. Mwanamke wa theluji aliinua mkono. Bonge akainua wake. Hawakuwa na lugha ya kusalimiana, na mkono ukatosha.

Mlango ukafungwa kwa mlio mzito, kama kifuniko cha sufuria kubwa. Masikio yakaziba, yakazibuka. Mwanzoni moyo ulimwenda mbio. Aliona kuta zinamsogelea. Alishika ukingo wa kitanda, akavuta pumzi, na hapo ndipo wazo lilipomjia kwamba pumzi hiyo haikupotea. Ilipanda darini, ikaingia kwenye bomba, ikaenda kusomwa. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kuisikiliza kwa makini kiasi hicho. Moyo ukatulia wenyewe.

Mchana mkewe na Kinanda walikuja kumtembelea. Waliongea naye kwa simu ya ukutani, wakitazamana kupitia kioo. Fundi mitambo alimwita Kinanda aone skrini. Palikuwa na mstari wa kijani unaotambaa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia.

"Huyo ni baba," alisema.

Kinanda alitazama mstari, akatazama dirishani, akatazama mstari tena. "Mbona hautulii? Baba amekaa tu."

"Hakuna anayetulia. Hapa alikula, ukapanda. Hapa aliendesha baiskeli, si unaona mlima?"

Kinanda alirudi kwenye simu, akamsimulia baba yake habari ya darasani. Mwalimu alimuuliza mwenzake, ukiwa na machungwa matano nikakuomba mawili, utabaki na mangapi? Mwenzake akajibu, matano, mwalimu. Mwalimu akauliza, matano vipi? Akasema, kuomba si kupewa. Bonge aliangua kicheko cha mwili mzima, kile ambacho kikianza hadi mabega yanashiriki, na kitanda kikashiriki. Wote walicheka. Walipokwisha, fundi mitambo alisema, "Subirini kidogo. Hewa inachukua muda kufika." Wakasubiri. Mstari wa kijani, uliokuwa ukienda tambarare, ukainuka ukafanya kilima kidogo cha mviringo, ukashuka.

"Kile ni kicheko chake," fundi mitambo alisema.

Kinanda aliweka kidole kwenye kile kilima, bila kugusa kioo, kama mtu anayeonyesha nyota. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na akilala kabisa, mstari unafika chini?"

"Haufiki."

"Hata akilala fofofo?"

"Hata hapo. Moyo unapiga, ubongo, ini, figo, vyote viko kazini. Sehemu kubwa ya chakula cha baba yako inaishia huko, siyo kwenye baiskeli. Mstari ukifika chini kabisa, ujue mtu hayupo."

Mama mtu aligeuza uso dirishani akamtazama mumewe, ambaye hakusikia lolote kati ya hayo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kipana, bado anafuta machozi ya kicheko. Kinanda akamshika mama yake mkono. "Mama," alinong'ona, "kumbe baba hajawahi kuacha kufanya kazi. Hata siku moja."

Wiki kadhaa baadaye Daktari aliwaita mume na mke ofisini kwake. Alikuwa ametandaza karatasi mezani, lakini hakuzisoma. Alichora kwa kalamu upande wa nyuma. Mstari mmoja juu. "Huu ndio moto tunaoutarajia kwa mtu mwenye misuli na mifupa kama yako, umri wako, urefu wako." Akachora mwingine chini yake. "Na huu ni wako."

Bonge aliukodolea macho. "Umepungua."

"Umepungua. Ulipoanza kujinyima, mwili haukujua kwamba ni uamuzi wako. Ulidhani njaa imeingia nchini. Ukafanya anachofanya mtu yeyote mwenye familia chakula kikiadimika: ukabana matumizi, ukazima taa vyumba visivyotumika, ukakupigia kelele ule zaidi. Na kila ulichokula, ukakiwekea akiba. Akiba haiozi, mwili unaijua methali hiyo kuliko sisi. Njaa uliyoianzisha wewe, mwili bado haujaamini kama imeisha."

Kisha Bonge akauliza swali ambalo alikuwa hajawahi kulitamka mbele ya mtu mwingine zaidi ya mkewe. "Kwa hiyo sikuwa nakula usingizini?"

Daktari hakucheka. "Hapana, fundi. Ulifanya ulichosema umefanya."

Bonge aliinamisha kichwa. Mkewe alimwekea kiganja mgongoni, akakiacha hapo. Kilichomjaa hakikuwa furaha wala huzuni. Ilikuwa kama mtu aliyeishi nyumba moja na mgeni miaka arobaini, anamtukana kila siku kwa uvivu, kisha anaambiwa kwamba mgeni yule alikuwa akikesha mlangoni akimlinda. Alikuwa anaogopa kuugusa mwili wake mwenyewe, kwa heshima.

"Sasa ndiyo basi?" mke aliuliza. "Hakuna cha kufanya?"

"Kipo. Kuna dawa, kuna njia za polepole, na kutembea kunasaidia moyo hata kilo zisiposhuka. Tutamsindikiza. Lakini lililo kubwa ni kwa wanaokuja nyuma." Daktari alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Tumekariri kinga ni bora kuliko tiba hadi maneno yamechakaa. Tulidhani kinga ni kumgombeza mtoto. Kumbe kinga ni nini kinauzwa getini kwake, kama shuleni kuna maji ya kunywa, kama ana mahali pa kukimbia bila kugongwa na gari. Mtoto asifike mahali pa kulazimika kupigana na mwili wake, maana vita hiyo mwili unaijua zaidi."

Mwezi uliofuata kulikuwa na harusi kwenye ukoo. Bonge aliingia na familia yake, na Mjomba alikuwa kakaa palepale pake karibu na mlango. Safari hii hakuanza na Bonge. Alimwangalia Kinanda juu hadi chini. "Naona na tela nalo limekuja," alisema.

Watu wakacheka. Bonge hakucheka. Kicheko kilitangatanga kidogo, kikakosa pa kushika, kikafa. Bonge alivuta kiti akakaa mbele ya Mjomba, magoti kwa magoti, akaanza kumsimulia bila kuinua sauti, kuanzia chumba cha chuma hadi njaa ambayo mwili haujaamini kama imeisha. Alisimulia kama anavyomweleza mteja kwa nini kochi lake limebonyea: hapa ndipo tatizo lilipo, na hapa watu hudhani lipo. Mjomba alijaribu kuingiza utani mara moja, haukuingia. Mwishoni alikuwa kaegemeza kidevu kwenye fimbo yake, mdomo wazi kidogo.

"Na mimi niliyekonda hivi," aliuliza, "moto wangu ukoje?"

"Sijui, Mjomba. Lakini wanapima hata wembamba."

Mjomba alisema ni upuuzi. Baadaye, watu wanakula, alimvuta Bonge kando akamuuliza hiyo taasisi iko mlango gani, na kama mtu akiingia anaruhusiwa kubaki na kofia yake.

Kilele cha mambo, kwa Bonge, kilikuwa siku ya kikao. Vyumba vyote vilikuwa vimemaliza vipimo, na watafiti wa nchi zote walikutana kwa skrini kutazama majibu kabla ya kuyapeleka kwenye mkutano mkuu wa mataifa. Waliokubali kupimwa walialikwa pia. Bonge alikwenda na Kinanda, wakakaa safu ya nyuma kwenye ukumbi mdogo wa taasisi, mapazia yamefungwa. Skrini ukutani ilijaa nyuso za watu wa kila rangi. Mkalimani, dada mwenye sauti nzito, alikaa kona na kipaza sauti.

Mtafiti mmoja mzee wa nchi ya mbali alieleza kwamba wameyasawazisha majibu yote kulingana na ukubwa wa miili, ili mtu mkubwa na mdogo waweze kulinganishwa. Kisha akabonyeza, na mistari ikatokea. Ilikuwa mingi, imelaliana kama nyuzi kwenye kitambaa ambacho hakijakatwa. Ikapanda pamoja watu walipoamka, ikafanya vilima walipokula, ikashuka walipolala. Hakuna uliogusa chini.

"Wewe ni upi?" Kinanda alinong'ona.

Bonge alitafuta. Aliutafuta mstari wa mtu mnene na hakuuona. Akaonyesha mmoja, kisha akaonyesha mwingine. Akakiri kwamba hajui.

Mzee akabonyeza tena. Mistari ya wale waliowahi kujinyima na kupungua ikageuka bluu. Ukumbi mzima ukawa kama umevuta pumzi kwa mpigo. Mistari ya bluu ilikuwa imezama chini ya mingine, yote pamoja, kwa kina kilekile karibu, kama mashuke yaliyoinamishwa na upepo mmoja. Mkalimani aliyatoa maneno ya mzee taratibu. Watu hawa, alisema, hawali chakula kimoja. Hawasemi lugha moja. Wengine wamejinyima kwa ajili ya harusi, wengine kwa amri ya daktari, wengine kwa aibu. Hawajawahi kuonana. Lakini miili yao ilipoona njaa, ilifanya jambo lilelile.

Bonge alisikia nywele za mikononi zikimsimama. Kwa miaka yote alidhani siri ile ilikuwa yake peke yake, doa la tabia yake, lililoshonwa ndani ya ngozi yake na hakuna mwingine. Sasa alikuwa anaiona imetandazwa ukutani, kutoka kwenye theluji hadi kwenye joto, na watu wasiojuana wamelala chini ya shuka moja. Alihisi ni mdogo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na udogo ule ulikuwa mtamu.

Mwanamke wa theluji aliomba kusema. Alisema maneno machache, na mkalimani akamfuata. "Anasema yeye ni mwalimu wa kuogelea. Anaogelea kila siku ya Mungu. Kuna wazazi wakimwona huwatoa watoto wao kwenye darasa lake, wakidhani mtu wa mwili ule hawezi kumfundisha mtoto chochote. Anauliza kama yule bwana aliyempungia mkono yupo."

Ukumbi mzima ukageuka nyuma. Bonge alisimama, na safu ya viti ikasimama naye kidogo. Alipewa kipaza sauti. Hakuwa ameandaa hotuba.

"Mwambie nipo," alisema. "Mwambie mimi ni fundi makochi, kazi yangu ni ya kukaa. Yeye ameogelea, mimi nimekaa, na tumekutana hapahapa. Nampa pole. Na mwambie huyu ni mwanangu."

Mkalimani alituma maneno. Yalichukua muda kufika. Kisha yule mwanamke akacheka huku anafuta macho, akamwinulia Kinanda mkono, na Kinanda, ambaye kwa kawaida hujificha nyuma ya baba yake mbele ya wageni, akasimama juu ya kiti ili aonekane vizuri.

Bonge hakukonda. Nasema hivyo ili msikilizaji asingoje. Alianza dawa, akapungua kidogo, akabaki hapo, na Daktari akasema hapo pana faida kwa moyo. Kufuli la kabati lilitolewa likauzwa kwa fundi baiskeli. Mkutano mkuu wa mataifa ulikaa, ukabishana kama mikutano yote, na mistari ile ya bluu ikawa jambo moja kati ya mengi yaliyowekwa mezani. Nchi hazikukubaliana katika yote. Lakini yale machache yaliyokubaliwa yalishuka ngazi kwa ngazi hadi yakafika kwenye shule ya Kinanda: bomba la maji safi liwekwe uani, na matangazo ya vinywaji vya sukari yafutwe kwenye kuta za shule.

Ukuta wa mbele wa shule ulikuwa na chupa kubwa iliyochorwa, ndefu kuliko mlango, yenye matone ya baridi yaliyochorwa vizuri hadi mtu akiitazama anasikia kiu. Ilikuwapo pale tangu Kinanda hajazaliwa. Jumamosi moja wazazi walikuja na ndoo za rangi nyeupe. Mjomba naye alikuja, kavaa kofia yake, akidai amekuja kusimamia. Bonge hakuweza kupanda ngazi, kwa hiyo alipewa sehemu ya chini, kitako cha chupa, na Kinanda akapaka pembeni yake huku anaguna wimbo puani. Watoto wengine walikuwa wamejipanga kwenye bomba jipya, wanakunywa na kumwagiana.

Hadi jua lilipokuwa kali walikuwa wamemaliza ukuta wote. Wakarudi nyuma kutazama. Rangi ya mkono wa kwanza haikutosha. Chupa iliendelea kuonekana kwa mbali chini ya weupe, mabega yake na shingo yake, kama mtu aliyejifunika shuka. Mwalimu mkuu aliuliza waache tu au vipi.

"Bado ina unyevu," Bonge alisema. "Tungoje ikauke. Tutapiga mkono wa pili."

Akakaa chini kivulini, akinyoosha miguu. Kinanda akaja akaketi, akamlalia kifuani, sikio kwenye shati lake lenye madoadoa ya rangi, akaacha kuguna wimbo ili asikilize vizuri.